Mbwa Hazaliwi Msasi

Husemwa mara nyingi, Handeni na Korogwe kama kwingineko, kwamba mbwa wa kusaka wa zamani walikuwa wa mbegu nyingine: mbegu yenye pua, isiyomwogopa nguruwe mwitu, ambayo imekwisha na kutuachia mbwa koko wa kulala kivulini. Kauli hii inapendeza kwa sababu haimlaumu mtu yeyote. Mbegu ikipotea, imepotea. Lakini tukiifuatilia historia ya usasi katika nchi ya Wazigua na jirani zao Wasambaa na Wabondei, ushahidi unatupeleka kwingine. Mbwa wa msasi alitengenezwa, na aliyemtengeneza hakuwa mwenye mbwa peke yake. Palikuwa na mbwa wakubwa wa kumfuata, kundi la watu wenye nafasi ya kwenda porini mara kwa mara, na mashamba yaliyohitaji kulindwa. Vitu hivyo vitatu vilipoondolewa kimoja baada ya kingine, damu ya mbwa ilibaki ileile na usasi ukamtoka.

Tuanze na habari kongwe ya siasa katika eneo hili, ambayo kwa hakika ni habari ya mtu na mbwa wake. Mbegha, anayehesabiwa kuwa mzizi wa ukoo wa Kilindi uliotawala Usambara, alitoka Nguu, milima ambayo leo imo katika Wilaya ya Kilindi, iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, aliyeandika "Habari za Wakilindi" kwa Kiswahili katika miaka ya mwanzo ya ukoloni, anaeleza kwamba Mbegha alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, ndugu zake wakamnyima urithi, naye akaondoka na mbwa wake na ujuzi wake wa kuwinda. Alipokelewa Kilindi, lakini mtoto wa mkuu wa huko akauawa na nguruwe mwitu walipokuwa wakiwinda pamoja, ikambidi Mbegha akimbie tena, hadi Bumbuli na mwishowe Vugha. Huko Usambara watu walimpenda kwa mambo mawili: aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, na aligawa nyama. Wao walimpa vyakula vya shambani, naye akawapa kitoweo, na katika kupeana huko ufalme ukazaliwa.

Atasema mtu kwamba hii ni hekaya ya watawala, imepambwa ili kuhalalisha enzi yao, na haiwezi kuwa ushahidi wa namna mbwa walivyofugwa. Steven Feierman, aliyeuchunguza ufalme wa Wasambaa katika kitabu chake cha mwaka 1974, aliisoma habari hii kama kisa chenye mpangilio wa ishara, wala hakuichukua kama taarifa ya tukio. Nakubali. Hata hivyo, hekaya hujengwa kwa vitu ambavyo wasikilizaji wanavijua. Msimulizi angeweza kumpa mwanzilishi wa ukoo upanga, ng'ombe, au kitabu kutoka pwani. Akampa mbwa, na adui wa kwanza akawa nguruwe wa shambani, kwa sababu kila aliyesikiliza alijua kwamba mtu mwenye kundi la mbwa waliofunzwa ni mtu wa faida kijijini. Tukumbuke pia kwamba mbwa hao wanavuka nchi pamoja na bwana wao na kufanya kazi katika misitu ambayo hawakuzaliwa humo. Sifa inayosimuliwa ni ya msasi na kundi lake. Mbegu ya mbwa haizungumzwi.

Ili kuona ni nini hasa mbwa alipaswa kujifunza, mnyama mdogo anatufaa zaidi kuliko nguruwe. Vichaka vya Handeni na bonde la mto Pangani, ambao sehemu za juu huitwa Ruvu, vina kanga na kwale. Ulaya na Marekani huwindwa ndege wa jamii yao, mwenye mkia mrefu, aliyeletwa kutoka Asia, na kwa ajili yake wazungu wamefuga mbwa wa aina maalumu: mmoja anasimama kama gogo akisikia harufu, mwingine anaokota ndege aliyepigwa bila kumtoboa. Hapo mwenye hoja ya mbegu atafurahi na kusema, unaona, mbwa bora ni damu. Lakini mbwa yule anasimama kwa sababu mwenzake ana bunduki ya marisau, inayompiga ndege akiwa angani, na mwindaji anahitaji muda wa kusogea. Isitoshe, hata huko mbwa wa ukoo bora asiyefunzwa huwatimua ndege wote kabla bwana wake hajafika. Kanga wetu ana tabia yake. Akifukuzwa hukimbia kwa miguu kabla ya kuruka, na akibanwa na mbwa hupanda mtini, akakaa tawini akimpigia kelele mbwa aliye chini, macho yote yakiwa kwake. Kwa mtu mwenye upinde au rungu, hiyo ndiyo nafasi. Kwa hiyo mbwa lazima ajue kumfuata kanga mmoja bila kutawanywa na kundi zima, abaki chini ya mti akibweka mpaka mtu afike, na ndege akianguka asimle. Hakuna mtoto wa mbwa anayezaliwa na somo hilo la tatu. Njaa yake inamwambia kinyume.

Mafunzo yenyewe hayakuwa ya amri nyingi. Mbwa mchanga aliyepatikana kwa jirani hupelekwa porini nyuma ya wakubwa, huona wanavyozunguka kichaka, huumwa nao anapoingilia isivyofaa, na hupata sehemu yake ya matumbo baada ya kazi na si kabla. Mwenye mbwa mmoja tu, asiye na wakubwa wa kumtangulia, ana kazi ngumu mara nyingi zaidi. Katika misitu ya Kongo, ambako mbwa wa kienyeji hawabweki sana, wasasi huwafunga kengele za mbao shingoni ili wajulikane walipo. Kila nchi imemtengeneza mbwa kwa kadiri ya pori lake na silaha yake.

Pingamizi jingine linatoka msikitini, nalo lina uzito, maana Uislamu ulienea sana Uzigua kupitia njia za biashara za Pangani na Saadani. Je, watu wa madhehebu ya Shafi, wanaohesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito inayooshwa mara saba, moja kwa udongo, wangeweza kuwa na utamaduni wa mbwa? Jibu liko ndani ya fikihi yenyewe. Aya ya 4 ya Sura ya Al-Maida inaruhusu windo lililokamatwa na wanyama waliofunzwa, na wanazuoni wa Shafi wakaweka masharti ya kumtambua aliyefunzwa: akitumwa aende, akizuiwa akome, akikamata asile, na hayo yarudiwe hadi iwe tabia yake. Windo lililouawa na mbwa asiyetimiza hayo si halali. Likiwahiwa lina uhai, lichinjwe. Hadithi inayokemea kufuga mbwa nayo imemtoa mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Hakuna mahali panapouliza mbwa ni wa ukoo gani. Mizani nzima imewekwa kwenye mafunzo, na sharti la kutokula ni lilelile ambalo msasi wa kanga angelidai hata kama hajawahi kuingia msikitini. Dini iliweka mpaka wa mbwa kutoingia jikoni. Kazi yake shambani haikuguswa, na nguruwe, asiyeliwa na Mwislamu, aliendelea kufukuzwa kwa sababu ya mahindi na mihogo.

Kuna hoja ngumu kuliko zote hizo: mbung'o. Handeni ni nchi ya mbung'o na ugonjwa wao wa nagana, na mbwa hufa kwa nagana upesi. David Bruce alipofanya uchunguzi wake Uzulu mwaka 1895 aliwatumia mbwa pamoja na ng'ombe kuthibitisha kwamba mbung'o ndiye anayeupeleka ugonjwa. Basi mbwa wa kusaka waliishije katika pori la Uzigua? James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992 juu ya kaskazini-mashariki ya Tanzania kati ya 1840 na 1940, anaonyesha kwamba Wazigua waliyadhibiti mazingira yao kwa kulima, kuchoma, kufyeka na kuwinda, hata wakaweza kuishi na ugonjwa bila kushindwa nao. Mbwa basi hakuwa mnyama wa pori tupu. Alikuwa wa mipaka ya shamba na kichaka kifupi, akisaidia kuwaweka mbali wanyama wanaombeba mbung'o, na yeye mwenyewe akiishi kwa sababu kichaka hicho kimefyekwa. Ukame, nzige na njaa za miaka ya 1890, pamoja na sotoka iliyoua ng'ombe mwanzoni mwa muongo huo, vilivunja uwiano huo. Watu wakahama, vichaka vikarudi, na mbwa akapoteza kinga yake.

Sheria ikaja juu ya jeraha hilo. Mwaka 1896 Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, alitoa amri ya uwindaji iliyoleta leseni na hifadhi za wanyama. Mkataba wa London wa mwaka 1900 ukataka nyavu na mashimo ya kutegea vizuiwe kadiri iwezekanavyo, yaani vyombo vya Mwafrika, huku bunduki ya mwenye leseni ikiachwa. Upendeleo huo unaonekana vizuri tukivuka mpaka: mwaka 1911 Paul Rainey, tajiri wa Marekani, alileta mbwa wake Afrika Mashariki ya Kiingereza na kuua simba wengi nao, akasifiwa na hata kutengenezewa filamu. Mbwa ni yuleyule. Kilichotofautiana ni nani aliyeshika kamba. Waingereza walipoichukua Tanganyika waliunda Idara ya Wanyamapori mwaka 1919 chini ya C.F.M. Swynnerton, na kazi ya kulinda mashamba ikahamia polepole kwa askari wa wanyamapori mwenye bunduki, anayefika siku kadhaa baada ya nguruwe. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 1974, na ile ya 2009 iliyoshika nafasi yake, zimemweka mbwa katika orodha ya njia haramu za kuwinda, pamoja na sumu na nyavu.

Sidai kwamba katazo hilo halina maana leo. Kundi la mbwa halichagui digidigi mwenye mimba, kichaa cha mbwa kinaua watu vijijini, na wanyama wa Handeni wa sasa si wengi kama wa enzi za Mbegha. Mtu akipewa kijibwa Kabuku au Mombo, amchanje kwanza, na kama anataka kwenda naye kwenye kanga, akaulize ofisi ya wanyamapori ya wilaya kama kibali kinaweza kupatikana, kabla hajamwachia kamba. Ninachokataa ni maelezo ya kwamba mbegu imepotea. Usasi wa mbwa ulitegemea safari za mara kwa mara zenye mbwa wazee na vijana pamoja. Vizazi viwili vya mbwa visivyokwenda porini, na mbwa hawahitaji miaka mingi kufikisha vizazi viwili, vinatosha kuukata mnyororo wote, hata pua ikibaki nzima. Bado wapo wazee Handeni na Korogwe walioshika mwisho wa mnyororo huo. Wanaokusanya historia za vijiji huwauliza juu ya machifu, njaa na mkonge; wawaulize pia walimfundishaje mbwa mchanga asimle kanga, na waandike jibu lote.