Matunzo ya sakafu ya zege

Sakafu ya zege ni tabaka gumu la saruji, mchanga, kokoto na maji, linalomwagwa juu ya ardhi iliyoshindiliwa au juu ya ghorofa ya chini. Maisha yake huamuliwa zaidi na siku zake za mwanzo kuliko na usafi wa baadaye.

Zege haligandi kwa kukauka, bali kwa saruji kuungana kikemia na maji. Kwa hiyo sakafu mpya humwagiliwa, au hufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa au karatasi ya nailoni, kwa siku 7 au zaidi. Nguvu yake kwa kawaida hupimwa baada ya siku 28. Sakafu ikikauka mapema, uso hupasuka na kutoa vumbi. Maji yanayozidishwa wakati wa kuchanganya ili kurahisisha kazi huacha vitundu na kulidhoofisha zege. Niru, yaani uji wa saruji unaosuguliwa kwa mwiko, hushika vizuri sakafu ikiwa bado mbichi. Ikipakwa juu ya sakafu kavu, hubanduka.

Mchanga unaoletwa na viatu husaga uso, hivyo kufagia mara kwa mara ni kinga halisi. Zege ni alkali: asidi ya ndimu, siki na dawa kali za chooni hulila. Ufa unaoendelea kupanuka huashiria mara nyingi kutitia kwa ardhi, na kuuziba kabla ya kutibu chanzo ni kazi bure. Pwani, chumvi ya mchanga wa bahari usiooshwa huozesha kwa kutu nondo za chuma zilizo ndani ya zege, nayo kutu hutanuka na kulipasua zege kutoka ndani.