Ngumi Yenye Sheria na Vijana Wetu

Leo tunazungumza juu ya mchezo wa ngumi. Wengine watauliza: mtu wa mafundisho ya amani anatafuta nini kwenye ngumi? Tusikilizane kwanza.

Wazee wetu wanakumbuka tarehe 30 Oktoba 1974 mjini Kinshasa. Kabla ya jua kutoka, Muhammad Ali alimwangusha George Foreman katika raundi ya 8, kwenye uwanja ulioitwa wakati ule Stade ya 20 Mei, ambao leo ni Stade Tata Raphaël. Kila mmoja aliahidiwa dola milioni 5. Hayo tunayajua. Lakini je, watu hao wawili walitoka wapi?

Ali alizaliwa mwaka wa 1942 mjini Louisville, Marekani, na jina lake lilikuwa Cassius Clay. Katika mji ule mtoto mweusi alifundishwa tangu utoto kwamba yeye ni mdogo kuliko wengine. Mwaka wa 1954, akiwa na miaka 12, waliiba baiskeli yake. Alilia kwa hasira, akaapa kumpiga mwizi. Polisi mmoja, Joe Martin, aliyefundisha vijana ngumi, alimshauri ajifunze kwanza kupigana. Baiskeli haikupatikana. Lakini mwaka wa 1960 kijana huyo alipata medali ya dhahabu mjini Roma.

Foreman naye aliacha masomo, na yeye mwenyewe alisimulia kwamba alikuwa akinyang'anya watu mali yao katika barabara za Houston. Mwaka wa 1965 aliingia katika mpango wa serikali uliofundisha kazi vijana maskini. Huko mwalimu aliyeitwa Doc Broadus alimwonyesha ngumi. Mwaka wa 1968 alishinda dhahabu mjini Mexico. Basi, ndugu zangu, pambano la Kinshasa lilianzia kwa walimu wawili waliowapokea vijana wenye hasira bila kuwafukuza.

Klabu inampa kijana nini? Inampa saa ya kufika na mtu anayemwita kwa jina. Inamfundisha kupokea pigo bila kupoteza akili, na kunyamazisha mikono yake kengele inapolia. Kijana aliyepigwa akaona kwamba bado amesimama, hana tena haja ya kutafuta ugomvi ili aonekane mtu. Hapo ndipo kujiamini kunapoanza.

Tena ngumi ina sheria. Zile zilizotangazwa Uingereza mwaka wa 1867, kwa jina la Queensberry, zilileta glavu, raundi za dakika 3, na sekunde 10 kwa aliyeanguka. Usiku ule wa Kinshasa watu walipiga kelele kwa Kilingala: « Ali, boma ye! », maana yake, Ali, muue! Foreman alianguka, mwamuzi akahesabu, pambano likaisha. Hakuna aliyeuawa. Baadaye wawili hao wakawa marafiki. Kelele ya watu haikuwa na nguvu kuliko sheria.

Sisi tunajua nguvu isiyo na sheria. Katika vita vya 1996 na 1997 watoto walioitwa kadogo walipewa bunduki. Wengi walidhani bunduki itawapa heshima. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumwingiza mtoto katika jeshi au kikundi chenye silaha. Lakini karatasi peke yake haimzuii kijana asiye na mahali pa kwenda.

Hata hivyo tusidanganyane. Mjini Kinshasa vijana wenye misuli, wanaoitwa pomba, wamelipwa na wanasiasa ili wapige wapinzani. Klabu isiyo na mwalimu mwema inaweza kutengeneza watu wa namna hiyo. Pia kichwa kinaumia; mtoto asipigwe ngumi za kichwa ovyo.

Kwa hiyo, wazazi, enendeni mkamjue mwalimu. Muulizeni anafundisha nini, na ni nani anayemlipa. Wasichana nao wapewe nafasi. Na ninyi wakubwa wa mitaa, acheni kiwanja kimoja bila kukiuza. Kijana anayejua nguvu yake na mpaka wake, ni vigumu kwa mwenye bunduki kumnunua.