Lugha ya C: Amri ikishindikana, programu ijue

Programu iliyoandikwa kwa lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, huweza kutekeleza amri za sheli kwa kutumia system(). Katika Unix na Linux, jibu la -1 humaanisha kuwa mchakato haukuanzishwa, au matokeo yake hayakupatikana. Jibu jingine hupimwa kwanza kwa WIFEXITED, kuthibitisha kuwa sheli ilimaliza yenyewe, kisha husomwa kwa WEXITSTATUS: 0 huashiria mafanikio, 127, kwa kawaida, amri isiyopatikana. Majibu hayo yasipokaguliwa, programu yaweza kufuta mafaili halisi ilhali nakala za akiba hazikutengenezwa. Aidha, maneno ya mtumiaji yasipachikwe ndani ya amri, kwani yaweza kuficha amri nyingine ya hatari.