Kuchacha na Kuoksidika: Funzo kutoka Ujiji

Kazi ya kuunda istilahi haianzi katika kamusi. Huanza pale ambapo watu wanalitenda jambo kabla ya kulipatia jina la kitaalamu. Kwa sababu hiyo tumeona vema kuwapeleka wasomaji wetu kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, katika nchi ya michikichi.

Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858, walikuta mawese ni bidhaa inayojulikana sokoni. Lakini mchikichi hautoi mafuta tu. Ukigemwa hutoa utomvu mtamu. Baada ya saa chache utomvu huo huwa tembo. Na tembo likiachwa wazi kwa siku kadhaa huwa siki. Msemaji wa kawaida hutosheka na neno moja kwa safari hiyo yote: kimechacha.

Neno hilo ni letu na ni zuri. Hata hivyo, kwa mfasiri wa vitabu vya kemia ni mtego, kwa maana linaficha mabadiliko mawili. Katika badiliko la kwanza, hamira hugeuza sukari kuwa kileo na hewa ya kaboni, wala haihitaji oksijeni. Katika la pili, bakteria wa siki hutumia oksijeni ya hewani kugeuza kileo kuwa asidi ya asetiki. Ndiyo maana tembo lililozibwa barabara huchelewa kuwa siki. Badiliko hili la pili ndilo uoksidishaji.

Tena, uoksidishaji hauhitaji kiumbe hai. Mwaka 1776 ilitangazwa huko Sweden kwamba sukari ikichemshwa pamoja na asidi ya nitriki hutoa fuwele nyeupe za asidi mpya. Kazi hiyo inahusishwa na Scheele, na asidi ile iliitwa asidi ya sukari. Mwaka 1784 Scheele alithibitisha kuwa ni ile ile iliyomo katika majani machachu ya jamii ya Oxalis. Hapo ndipo lilipotoka jina la asidi ya oksaliki. Mwaka 1829 Gay-Lussac wa Ufaransa aliipata asidi hiyo hiyo kwa kupasha moto vumbi la mbao pamoja na potashi kali. Sababu ilidhihirika baadaye: selulosi, ambayo Payen aliitenga katika mimea mwaka 1838, ni mnyororo mrefu wa sukari iitwayo glukosi.

Uoksidishaji una viwango. Glukosi ikioksidishwa kwa upole hutoa asidi ya glukoniki, ambayo chumvi yake ya kalsiamu hutumika hospitalini. Ikioksidishwa kwa asidi ya nitriki hutoa asidi ya glukariki. Zote mbili zimehifadhi kaboni 6 za glukosi. Nguvu ikizidi, mnyororo hukatika, ikabaki asidi ya oksaliki yenye kaboni 2 tu.

Sasa tutazame majina. Mfasiri anayeandika "asidi ya sukari" kwa kufuata vitabu vya kale humfanya msomaji adhani kwamba ni kitu cha kulika. Asidi ya oksaliki huondoa madoa ya kutu na kung'arisha mbao, lakini ni sumu inayodhuru figo. Hapa kosa la istilahi si kosa la sarufi. Laweza kuwa kosa la uhai.

Hata wakubwa walikosea. Lavoisier aliiita oksijeni kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya "mzaa uchachu", akiamini kwamba hakuna asidi isiyokuwa nayo. Mwaka 1810 Davy alionyesha kwamba asidi itokanayo na chumvi ya kawaida haina oksijeni hata kidogo. Dhana ilikufa, jina likabaki. Kiswahili kilipochukua sauti ya neno hilo bila kuifasiri maana yake, kiliepushwa na kosa hilo.

Kwa hiyo twapendekeza kazi ya hamira iitwe uchachushaji, na neno uoksidishaji litumike kwa badiliko la kileo kuwa siki, la chuma kuwa kutu, na la sukari au selulosi kuwa asidi. Kuchacha kubaki neno la nyumbani, ambamo halimdhuru mtu.

Jambo hili si la darasani peke yake. Tangu mwaka 2018 Serikali imehimiza upya kilimo cha michikichi mkoani Kigoma, na utafiti wake umewekwa Kihinga. Mashada matupu na makapi yanayobaki baada ya kukamua mawese yana selulosi nyingi. Ikiwa siku moja utaandikwa mwongozo wa kuyageuza kuwa asidi, na mwandishi akaagiza tu "yachacheshwe", mkulima atayatia maji, atayafunika, naye atangoja. Hatapata asidi aliyoahidiwa, na lawama haitakuwa yake.