Daftari la Duka na Namba ya Simu

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kur-ani Tukufu haikuhusu swala wala saumu, bali deni. Katika Suratul Baqara, aya ya 282, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuandikiane madeni ya muda. Anayedaiwa ndiye amtajie mwandishi deni lake, mwandishi aandike kwa uadilifu, na mashahidi wawepo.

Usidhani kupeleka fedha pasi na kuzibeba ni uzushi wa zama zetu. Barua za wafanyabiashara wa karne ya 11 na ya 12, zilizohifadhiwa katika sinagogi kuukuu la Cairo, zinataja hati zilizoitwa suftaja: mtu alikabidhi dinari zake mji mmoja, na mwenzake akapokea mji mwingine. Unguja ya karne ya 19 ilizijua hundi za Wahindi. Baadhi ya biashara hizo zilikuwa za jamaa, baba bandari hii na mwana bandari ile, na kilichowaunganisha ni amana na karatasi.

Kilicho kipya ni kwamba jambo hili limemfikia hata muuza vitumbua. Safaricom ya Kenya ilianzisha M-Pesa mwaka 2007, na Vodacom ikaileta Tanzania mwaka 2008. Mwaka 2014 baadhi ya mitandao yetu ilianza kupelekeana fedha, na Vodacom ikajiunga nayo mwaka 2016. Leo ukifika Kinyerezi, ambako watu wa mbali hukujua kwa mitambo ya umeme wa gesi tu, utaona vibao vya namba za kulipia vimebandikwa hata kwenye meza ya nyanya.

Simu ina fadhila yake, nasi tusiidhulumu. Karatasi huliwa na mchwa, lakini ujumbe wa malipo huandika saa, kiasi na jina bila ya kumpendelea mtu. Ila kuna jambo moja mwandishi huyu halijui: mali ni ya nani.

Tazama inavyokuwa. Mzee ana duka, nalo lina daftari. Ndani yake mna wanaomdai na anaowadai, pamoja na mali kauli anayochukua Kariakoo kwa ahadi ya kulipa akishauza. Laini za simu nazo husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na tangu Januari 2020 zilizokosa usajili huo zilianza kufungwa. Mzee hana subira na mambo hayo. Kijana wake husajili namba ya duka kwa jina lake mwenyewe. Hapana ubaya uliokusudiwa. Mauzo yanaingia humo, na mali kauli sasa huagizwa kwa ujumbe wa sauti, nalo daftari hufunikwa na vumbi.

Kisha mzee anafariki. Sharia inataka madeni yalipwe kwanza, ndipo wasia, ndipo mirathi. Madeni yako wapi? Yamo katika simu iliyofungwa kwa namba ya siri. Na fedha? Zina jina la kijana. Mjane mwenye thumni yake, na mabinti ambao Suratun Nisaa imewatajia mafungu yao, huambiwa kuwa hizo ni fedha za kaka. Pengine kaka mwenyewe, kwa kuzishika miaka mitano, amekwisha kuamini hivyo. Nami naona dhulma ya namna hii ni mbaya kuliko ya mwizi, kwa kuwa haina wa kuikimbilia kelele.

(Ile mikopo ya simu yenye nyongeza, ambayo kijana huichukua kwa namba hiyohiyo ili kuongeza bidhaa, ni riba; nayo huwa deni ambalo nyumba nzima hailijui.)

Dawa yake si kuitupa simu. Iandikwe hati mbele ya mashahidi: namba fulani ni ya duka, mwenye duka ni fulani, na kijana anayeishika ana ujira kadha au fungu kadha la faida. Na daftari lirudi mezani. Liko duka moja Kinyerezi ambako kila Ijumaa baada ya swala ya Alasiri kijana husoma ujumbe wa wiki nzima kutoka katika simu, dada yake huandika, na mama yao hukaa pembeni akisikiliza, na mara nyingine humsimamisha na kumwambia arudie.