Viti 19,000, Wajumbe 336

Kila nikitumwa kuripoti mkutano mkuu wa chama, kitu cha kwanza ninachoangalia ni viti. Waandaaji nao presha yao ndiyo hiyo hiyo: kamera isije ikanasa kiti kitupu. Ndiyo maana nikisoma tena habari za Marekani za mwaka 2020, nauona ugomvi wa Charlotte kama ugomvi wa viti.

Chama cha Republican kiliichagua Charlotte, North Carolina, tangu 2018. Mkutano ungefanyika Agosti 2020 kwenye ukumbi wa Spectrum Center, unaoingiza watu kama 19,000. Halafu ikaja korona. Mei 25 Donald Trump akaandika Twitter akimtaka Gavana Roy Cooper, ambaye ni wa Democratic, atoe uhakika kwamba ukumbi utaruhusiwa kujaa. Viongozi wa chama wakamwandikia Cooper hatua zao: kupima joto, vitakasa mikono, maswali ya afya kila siku. Barakoa hazikutajwa, wala kukaa mbalimbali. Juni 2 gavana akajibu kwamba wapange mkutano mdogo. Jioni ileile Trump akatangaza kuhama.

Siku tisa baadaye ikatajwa Jacksonville, Florida. Meya wa huko, Lenny Curry, alikuwa mwenzao, tena aliwahi kuwa mwenyekiti wa chama jimboni. Ila kirusi hakiulizi kadi ya chama. Kabla Juni haijaisha, jiji lenyewe likaagiza watu wavae barakoa ndani ya majengo ya umma. Julai 12 Florida ikatangaza zaidi ya maambukizi mapya 15,000 kwa siku moja. Mpango ukaanza kupunguzwa: siku tatu za mwanzo wajumbe tu, siku ya mwisho watu 7,000 hivi. Mkuu wa polisi wa eneo hilo akasema wazi kwamba kwa muda uliobaki hawezi kuhakikisha usalama. Julai 23 Trump akafuta sherehe za Jacksonville.

Sasa, jambo ambalo wengi walilipita haraka ni hili: shughuli rasmi ya chama haikuwahi kuondoka Charlotte. Agosti 24 wajumbe 336 walikutana pale kwa niaba ya wajumbe 2,550, wakapiga kura, Trump akateuliwa. Basi. Watu 336 walitosha.

Hata mgombea kusimama mbele ya umati na kukubali uteuzi ni desturi ya juzi tu. Kabla ya 1932 alikaa nyumbani akisubiri ujumbe wa chama uje kumwarifu rasmi, wiki kadhaa baadaye, eti kama vile hajasikia. Ni kama posa: kila mtu anajua jibu, lakini washenga lazima wafike. Aliyeivunja desturi hiyo ni Franklin Roosevelt, aliyepanda ndege kutoka Albany hadi Chicago kwenda kukubali mwenyewe. Kwa hiyo Joe Biden alipoacha kwenda Milwaukee na kukubali uteuzi wa Democratic mjini kwake Wilmington, huku wajumbe wakitangaza kura zao kwa video kutoka majimboni, wengi waliona kituko kipya. Kumbe alikuwa anarudi kulikotoka mambo.

Trump yeye hakukubali kuukosa umati. Agosti 27 alihutubia watu kama 1,500 kwenye bustani ya Ikulu, viti vimesogezwa karibu karibu, barakoa za kuhesabu.

Sidhani kwamba umati hauna maana. Chama kinahitaji watu waonane, waimbe, wajisikie wengi. Lakini katika miezi ile kujaza ukumbi kulimaanisha kuhatarisha mjumbe mzee, mfagiaji, polisi wa mlangoni, ili picha itoke vizuri. Na picha hizo sisi waandishi ndio tunaozipa thamani. Mimi mwenyewe nimeandika mara nyingi kwamba "ukumbi ulifurika", na kila mara nilikuwa nasifia.