Mvuke Uliongoja Vita

Ukinunua stima ya mia mbili leo, meseji haileti tokeni peke yake. Inaleta na hesabu: hii ya yuniti, hii ya VAT, hii ya kupeleka stima mashambani, hii ya kuyumba kwa shilingi. Katikati hapo kuna gharama ya mafuta. Wengi hawaisomi. Mimi huisoma, kwa sababu mtu anayeishi kwa kulipwa makala kwa makala hujua kila shilingi imeenda wapi.

Mafuta yapi lakini? Si tunaambiwa stima yetu karibu yote ni safi? Na ni kweli. Takriban asilimia 40 ya stima ya Kenya hutoka kwenye mvuke wa chini ya ardhi, na ukiongeza mabwawa, upepo na jua, hakuna nchi nyingi za kutuzidi. Ila jioni, watu wakirudi nyumbani, taa na pasi na televisheni zikawaka pamoja, mitambo ya mafuta huwashwa kujaza pengo, na gharama yake hugawiwa kila mwenye mita.

Watu wa rika langu wengi wanaamini Olkaria ilijengwa kwa ajili ya mabadiliko ya tabianchi. Ni rahisi kuamini hivyo, maana siku hizi kila kiongozi wetu akipanda jukwaa ng'ambo lazima aitaje. Lakini ukifuata miaka yenyewe unakuta hadithi nyingine. Mtambo ule ni mtoto wa vita, na kila mafuta yaliposhuka bei, mtoto alisahaulika.

Tuanze na jina. Ol Karia kwa Kimaasai ni ile ngeu, udongo mwekundu wa kujipaka. Wamaasai walijua mahali pale panatoa moshi kabla ya mjerumani Gustav Fischer kupita Hell's Gate mwaka 1883. Kule Eburru, upande wa pili wa Ziwa Naivasha, watu waliutega mvuke, wakaupoza, wakapata maji ya kunywa mahali pasipo na mto. Wakulima nao wakautumia kukausha pareto. Hakuna aliyeuita nishati mbadala. Ulikuwa mvuke tu.

Serikali ya kikoloni ilijaribu bahati yake kati ya 1956 na 1958. Visima viwili vikachimbwa Olkaria, havikutoa mvuke wa maana, wakaviacha. Hawakuwa na sababu ya kuhangaika. Bwawa la Owen Falls pale Jinja lilikuwa limefunguliwa 1954, na Kenya ilikuwa na mkataba wa kununua megawati 30 kutoka Uganda. Mombasa kulikuwa na mitambo ya Kipevu iliyochoma mafuta, na mafuta yalikuwa bei ya kutupa. Baada ya uhuru tukajenga mabwawa yetu kwenye mto Tana, Kindaruma likaanza 1968. Mvuke wa nini tena?

(Hapa niwakere kidogo wenye fahari. Husemwa kila mara kwamba Olkaria ndiyo ya kwanza Afrika. Mwaka 1952 kule Katanga, mahali panapoitwa Kiabukwa, mgodi mmoja ulikuwa tayari unazalisha stima kwa maji moto ya ardhini. Ilikuwa kama kilowati 200 tu, na haikudumu. Lakini ilikuwepo, na ilikuwa Kongo.)

Mwaka 1970 serikali ya Kenya na shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, wakaanza utafiti upya katika Bonde la Ufa. Kwa hivyo siwezi kusema wazo lilizaliwa na vita. Wazo lilikuwepo, kama yanavyokuwepo mawazo mengi ndani ya mafaili. Vita ndivyo vililolitoa kwenye faili.

Tarehe 6 Oktoba 1973, Misri na Syria ziliishambulia Israel. Siku kumi na moja baadaye, nchi za Kiarabu zenye mafuta zikatangaza kupunguza uzalishaji, na zikawafungia bomba Marekani na marafiki wengine wa Israel. Pipa lililouzwa takriban dola 3 likafika karibu dola 12 kufikia Januari 1974. Kenya, kama nchi nyingi za Afrika, ilivunja uhusiano wa kibalozi na Israel Novemba hiyo hiyo. Bei haikutuhurumia. Ukiwa mdogo unaweza kuchagua upande vizuri kabisa na bado ukalipa bili sawa na aliyekosea.

Nchi isiyochimba hata tone ikajikuta inatoa kahawa na chai nyingi zaidi kulipia mafuta yale yale. Pale Olkaria, kisima cha kwanza cha awamu mpya kilitoka baridi. Wakasogea, wakachimba cha pili, nacho kikatema mvuke. Kufikia 1976 visima vilikuwa sita, na ripoti ikasema inawezekana.

Mwaka huo huo wa 1976 ulikuwa mbaya kwa sababu nyingine. Mwezi Februari Idi Amin alidai sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda. Julai makomando wa Israel wakavamia Entebbe, ndege zao zikajaza mafuta Nairobi, na Wakenya waliokuwa Uganda wakauawa kwa kulipiza. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Sasa fikiria wewe ni afisa wa nishati jijini wakati huo. Mafuta yako yanatoka Ghuba, kwenye vita. Sehemu ya stima yako inatoka Jinja, kwa Amin. Nadhani ndipo mvuke ulipoanza kunukia, harufu ya mayai viza na yote.

Iran ikapindua mfalme wake 1979, bei ikapanda tena. Mwaka 1980 Iraq ikaivamia Iran. Mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa Olkaria ukawashwa, megawati 15. Wa pili 1982, wa tatu 1985. Jumla 45.

Halafu kimya.

Sehemu hii ndiyo inayoniuma zaidi katika hadithi yote, na ndiyo isiyosimuliwa. Mwaka 1986 bei ya mafuta duniani iliporomoka. Wafadhili wakapoa. Miaka ya tisini ilipofika, wahisani hao walikuwa wamegombana na serikali ya Moi na kuzuia mikopo. Visima vya Olkaria II vilikuwa vimeshachimbwa, mvuke upo, umepimwa, lakini hakuna pesa ya kujenga mtambo wa kuutumia. Ukakaa chini ukingoja. Mtambo huo ulikuja kuzalisha stima mwaka 2003, miaka kumi na minane baada ya ule wa 1985.

Na katikati ya usingizi huo, mvua ikakosa. Ukame wa 1999 na 2000 ulikausha mabwawa ya Tana, na stima ikagawiwa kwa ratiba. Wazazi wetu wanakumbuka: mtaa huu leo, mtaa ule kesho, kinyozi amekaa nje ya kibanda na mashine mkononi, maziwa yameharibika dukani. Serikali ikafanyaje? Ikakodi majenereta ya dizeli. Mvuke uliokwisha kupimwa ulikuwa chini ya miguu yetu, nasi tukachoma mafuta ya kununua kwa dola.

Mafuta yalipofika dola 147 kwa pipa Julai 2008, ghafla kila mtu akakumbuka Bonde la Ufa. Kampuni ya serikali ya kuchimba visima vya mvuke ikaundwa mwaka huo huo. Safari hii neno tabianchi lilikuwepo kwenye karatasi pia, kwa sababu lilivuta mikopo nafuu. Mwaka 2014 megawati 280 zikaongezwa Olkaria kwa mkupuo mmoja.

Kuna waliolipa kabla yetu. Ili kupisha Olkaria IV, familia za Wamaasai kutoka vijiji vinne zilihamishiwa mahali palipopewa jina la RAPland. RAP ni kifupi cha mpango wa kuwahamisha. Yaani kijiji kiliitwa kwa jina la faili. Nyumba zilikuwa mpya, za mawe. Lakini walilalamika kuhusu mabonde na barabara, umbali wa malisho, hati ya ardhi, na waliosahaulika kwenye hesabu. Walipeleka malalamiko hadi Benki ya Dunia, na mwaka 2015 jopo la ukaguzi la benki hiyo likasema benki haikufuata kanuni zake yenyewe. Kukawa na upatanisho. Nishati safi, kumbe, ina watu wake wa kufukuzwa, na si ajabu kwamba ni wale wale walioporwa ardhi hiyo mara ya kwanza na Waingereza.

Mwaka 2022 Urusi ikavamia Ukraine, na kwa mara nyingine vita vya mbali vikafika kwenye pampu zetu. Ile foleni ya Aprili 2022, bodaboda wamepanga jerikeni hadi barabarani, ilitokana pia na deni la serikali kwa wauza mafuta, tusidanganyane. Oktoba 2023 lita ya petroli Nairobi ilifika shilingi 217.36. Stima ya mvuke haikuweza kutusaidia hapo, kwa sababu matatu haiendeshwi kwa Olkaria. Mtungi wa gesi pia hautoki Olkaria. Tulibadilisha balbu, hatukubadilisha injini wala jiko.

Jambo la mwisho nililokutana nalo katika kusoma kwangu ni hili. Usiku wa manane, nchi ikilala, matumizi hushuka sana, na kisima cha mvuke hakifungwi na kufunguliwa kama bomba la jikoni. Kwa hiyo kuna usiku ambapo mvuke wa Olkaria, ule ule uliongoja miaka kumi na minane, huachiliwa hewani bila kuzungusha kitu. Mwaka 2023 bei maalum iliwekwa kwa wanaochaji magari na pikipiki za umeme: shilingi 16 kwa yuniti wakati wa kawaida, na shilingi 8 usiku. Niliuliza waendeshaji watatu kwenye steji ya karibu na ninapoishi kama wameisikia. Mmoja alikuwa ameisikia. Pikipiki yake ni ya petroli, na mkopo wake bado una miezi kumi na minne.